Barua ya wazi kwa TFF, Bodi ya Ligi, TCRA na Tume ya Ushindani: mpira mmoja, madishi mawili

Waheshimiwa,

Nawaandikia nyote wanne barua moja kwa sababu nikimwandikia mmoja mmoja najua mtanizungusha. Shirikisho la soka, TFF, litaniambia bei ya kifurushi si kazi yake. Bodi ya Ligi itanirudisha shirikisho. TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, itanieleza habari za leseni na masafa. Tume ya Ushindani itaniuliza kama nimejaza fomu ya malalamiko. Sasa mko meza moja, tuongee.

Kwanza nimpe mtu haki yake. Mei 2021 TFF na Azam Media, wenye king'amuzi cha Azam TV, walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni wa kuonyesha Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2021/22. Tangu Azam TV waanze kurusha matangazo mwishoni mwa 2013, mtu wa Songea anaona mechi inayochezwa Bukoba ikiwa mbashara, na sisi tuliolelewa na redio, tukiamini kila shuti limepita sentimita chache juu ya mwamba kwa sababu mtangazaji kasema, tunajua ukubwa wa jambo hilo. Sina ugomvi na aliyenunua. Mfanyabiashara akiuziwa soko zima, milango na paa, hana sababu ya kukataa. Ndiyo maana barua hii haikwenda Tabata, kwa Azam. Imekuja kwenu, mliouza na mnaosimamia.

Nianze na hiyo miaka 10. Ligi Kuu ya England, ambayo ndiyo ligi ya soka inayouzwa ghali kuliko zote duniani, kwa miaka mingi imeuza haki zake za matangazo ya nyumbani kwa misimu mitatu mitatu, na majuzi tu ndiyo imeongeza hadi minne. Wanajua kwamba bidhaa yao inapanda thamani, na hawataki kufungwa na bei ya jana. Sisi tulipanga bei mwaka 2021. Mwaka 2023 Yanga wakaingia fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakalikosa kombe mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini. Mwaka 2025 Simba nao wakafika fainali hiyohiyo, wakafungwa na RS Berkane. Kwa hiyo ligi iliyouzwa 2021 siyo ligi inayoonyeshwa leo. Ongezeni na shilingi: mwaka ule dola ilikuwa inanunuliwa kwa kama Sh2,300, na kufikia 2024 ilivuka Sh2,600. Klabu inayosajili mshambuliaji kutoka nje haimlipi kwa shilingi za 2021.

Huenda mkataba una kipengele cha kupitia bei upya. Huenda fungu linaongezeka kila msimu kiasi cha kufuta hoja yangu yote. Basi wekeni mkataba hadharani tuusome. Haki za ligi si mali ya kamati ya utendaji. Ni za klabu zote, pamoja na zile zinazosafiri na basi bovu kutoka mkoa hadi mkoa. Mwaka 2013, mkataba wa kwanza ulipokuja, Yanga waliupinga kwa kelele, na wengi tuliwaona wabinafsi kwa sababu walitaka fungu kubwa kuliko wengine. Pengine walikuwa wabinafsi kweli. Lakini swali lao la nani alikaa kwenye chumba cha mazungumzo, na nani mwingine alialikwa kuleta bei, lilikuwa swali zuri na hadi leo halina jibu lililoandikwa mahali.

Na kwa kuwa tunaongea kwa uwazi: kundi la makampuni linalomiliki haki hizo linamiliki pia klabu ndani ya ligi ileile, Azam FC ya Chamazi, waliotwaa ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mechi. Sisemi kuna ubaya wowote uliotendeka. Nasema mahali pengine hali kama hiyo ingekuwa na kanuni yake iliyochapishwa: nani anapanga muda wa mechi, nani anachagua mechi ya kuonyeshwa, nani anajitoa kwenye kikao gani. Kwetu kama ipo, tuonyesheni.

Lakini hayo ni ya wenye klabu. Mimi nimekuja kwa ajili ya mtazamaji, na hapa naomba Tume ya Ushindani wavute kiti karibu.

Tumezoeshwa kuamini kwamba makampuni ya ving'amuzi yakigombea haki za mpira, sisi tunafaidika. Ni nusu ya ukweli. Anayefaidika na kugombea ni muuzaji. Bei ya haki inapanda, na mshindi anatoka mnadani akiwa na kitu ambacho hakuna mwingine anacho, halafu anakuja kutafuta fedha zake mfukoni mwangu. Kwenye mnada wanaweza kuwa watatu; mlangoni kwangu anakuja mmoja. Nikitaka Ligi Kuu ya NBC, yaani ya hapa kwetu, ni king'amuzi kimoja tu. Nikitaka Ligi Kuu ya England, naenda kwenye DStv, ambao nao tangu Septemba 2025 wako mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa, kampuni ambayo tayari ilikuwa na Kinshasa, Bujumbura na Kigali. Ushindani huo uko wapi? Hawa wawili hawashindani. Mmoja kashika Kariakoo, mwingine kashika London, na katikati yupo baba mwenye paa moja na madishi mawili, moja linatazama huku, lingine kule.

Kuna watakaosema dawa ni kuzigawa haki mafungu, huyu apewe Jumamosi, yule Jumapili. Naomba sana, msije mkafanya hivyo. Waingereza walishatujaribia. Sky, televisheni yao ya kulipia, walikuwa wamezishika haki zote za mechi mbashara tangu 1992, kwa mkataba wa kwanza wa pauni milioni 304 kwa miaka mitano. Tume ya Ulaya ikasema haiwezekani mnunuzi mmoja tu, mafungu yote sita yasiende kwa mtu mmoja. Mwaka 2007 kampuni nyingine, Setanta, wakachukua mafungu mawili, mechi 46 kwa msimu. Mtazamaji aliyekuwa analipia sehemu moja akajikuta analipia mbili ili aone zilezile alizokuwa akiziona. Juni 2009 Setanta wakafilisika. Baadaye wakaja BT, kampuni ya simu, ushindani ukapamba moto, na mnada wa 2015 ukafika pauni bilioni 5.136 kwa misimu mitatu. Klabu zilishangilia. Mwenye nyumba Manchester alipata bili mbili.

Na sisi wenyewe tuna kidonda chetu. Wenye umri wanaikumbuka GTV, televisheni ya kulipia. Ilikuja 2007, ikanyakua sehemu kubwa ya mechi za England kwa Afrika kusini mwa Sahara, ikauza dishi na king'amuzi kwa bei iliyowafanya watu wa kawaida waseme kumbe na sisi tunaweza. Kwa muda mfupi ilionekana kweli kuna ushindani. Mwishoni mwa Januari 2009 ikafunga, ghafla, katikati ya msimu. Waliolipia miezi ya mbele walibaki wanatazama skrini nyeusi. Madishi yale yaliendelea kukaa juu ya mapaa miaka mingi, mengine yakaishia kuanikiwa dagaa. Haki zilirudi kwa yuleyule aliyekuwa nazo mwanzo, DStv.

Wafaransa ndio walioumia kuliko wote, na hili naliandika mahsusi kwa TFF. Mwaka 2018 ligi yao iliuza sehemu kubwa ya haki kwa kampuni ya Mediapro ya Hispania kwa takriban euro milioni 800 kwa msimu kuanzia 2020. Klabu zikasajili kwa fedha ambazo hazijaingia. Oktoba 2020 Mediapro hawakulipa. Mkataba ukavunjwa kabla mwaka haujaisha, ligi ikakimbilia kukopa benki, na msimu uliofuata Amazon wakapata sehemu kubwa ya mechi zile kwa euro milioni 250 hivi kwa msimu. Baadaye wakaja DAZN, wakaondoka baada ya msimu mmoja. Mwaka 2025 ligi ikaamua kuanzisha chaneli yake yenyewe. Bei kubwa kwenye karatasi siyo fedha, na mnunuzi mmoja akianguka anaanguka na ligi nzima.

Jirani zetu Kenya walionyesha upande mwingine wa jambo hilohilo. SuperSport, wenye chaneli za michezo za DStv, walikuwa wameijenga ligi yao kwa karibu miaka 10, kamera, wachambuzi, fedha za uhakika kwa klabu. Mwaka 2017 shirikisho likaipanua ligi kutoka timu 16 hadi 18 wakati mrusha matangazo hataki, SuperSport wakavunja mkataba. Baada ya hapo ligi ikapita mikono kadhaa na misimu kadhaa ya giza. Hilo liwe somo kwa Bodi ya Ligi. Machi 8, 2025 nchi nzima ilikuwa imeshalipia vifurushi kwa ajili ya dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, na siku ya mechi ndipo ikaahirishwa, ikaja kuchezwa Juni 25. Yanga walishinda 2-0, sawa, lakini aliyelipia Machi alirudishiwa nini? Mtazamaji anayelipa hayumo kwenye kanuni zenu hata kwa sentensi moja.

Sasa ninachoomba. Kabla mkataba huu haujafika ukingoni mwaka 2031, amueni kwamba haki za ligi yetu zitauzwa kwa sharti moja jipya: atakayezipata anaweza kuzalisha matangazo, kuyapa jina lake, kuweka watangazaji wake, lakini chaneli yenye mechi hizo aiuze kwa bei ya jumla kwa kila king'amuzi chenye leseni nchini kinachoitaka. Bei hiyo ya jumla iwekwe wazi na isimamiwe. Mwenye StarTimes aione kwenye StarTimes, mwenye DStv kwenye DStv, mwenye Azam kwenye Azam. Hapo ndipo makampuni yatashindana kwa vitu tunavyovijua sisi walipaji: bei, mawimbi yasiyokatika mvua ikinyesha, huduma kwa wateja inayopokea simu, na kifurushi cha wiki kwa anayepata mshahara wa wiki.

Si ndoto yangu. Machi 2010 Ofcom, yaani TCRA ya Waingereza, iliwalazimisha Sky kuziuza chaneli za Sky Sports 1 na 2 kwa washindani wao kwa bei iliyopangwa na msimamizi. Sky walipigana mahakamani kwa miaka. Sharti liliondolewa Novemba 2015, lakini lilikuwepo, lilifanya kazi, na anga la Uingereza halikuanguka. Sheria ya Ushindani ya 2003 tunayo, Tume tunayo, msimamizi wa leseni tunaye. Kinachokosekana ni mtu wa kulianzisha faili.

Najua mtakachojibu, maana ni jibu la haki: mnunuzi akinyimwa upekee atapunguza bei, na klabu zitaumia. Kwa sehemu ni kweli. Msimu wa kwanza au wa pili fungu linaweza kupungua, na sitawadanganya. Lakini huyo mnunuzi atakuwa anapata fungu kutoka kwa kila mteja wa kila king'amuzi, si wateja wake peke yake. Na mdhamini aliyeweka jina lake kwenye ligi, na yule aliyeko kifuani mwa jezi, wanalipia macho. Macho yakiongezeka, mazungumzo ya udhamini yanabadilika. Halafu wapo wale ambao leo hawamlipi mtu yeyote, wanaotumiana linki za wizi kwenye makundi ya simu dakika tano kabla ya mechi kuanza. Wengi wao si wezi kwa tabia. Wana king'amuzi nyumbani, wamekilipia, ila siyo hicho.

Kuna watu wengine ambao hawamo kwenye mkataba wowote na ndio wanaobeba mpira wa nchi hii: wenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea mpira kwa kiingilio. Huku kwetu Igoma, Mwanza, kipo kimoja ninachokwenda. Turubai, mabenchi, feni moja inayozunguka ikijisikia, na ubao mweusi nje umeandikwa kwa chaki mechi za leo. Mwenyewe ana ving'amuzi viwili, na rimoti zake mbili amezifunga pamoja kwa mpira wa tyubu ya baiskeli zisipotee. Kiingilio Sh500, siku ya dabi Sh1,000. Jumamosi mechi za England za saa 12 jioni zikigongana na mechi ya hapa, anasimama mbele anaomba watu wanyooshe mikono: Arsenal au Yanga? Wanaoshindwa kura wanatoka, wengine wanadai hela yao, na yeye anawarudishia maana kesho atawahitaji. Kila mwezi analipia vifurushi viwili vya juu, vyote vya nyumbani, na kila mwezi ana hofu kwamba atatokea mtu na kitambulisho amwambie anafanya biashara na kifurushi kisicho cha biashara. Alishauliza cha biashara ni bei gani. Aliyemjibu alimtajia bei ya hoteli.

TCRA, hapa hamhitaji hata kusubiri 2031. Wekeni daraja la leseni kwa vibanda, na waambieni makampuni watoe kifurushi cha kibanda kinachopimwa kwa idadi ya viti. Jambo hili si la Igoma tu. Karen Murphy, mwanamke aliyekuwa akiendesha baa Portsmouth, aliona bei ya Sky kwa baa haimwezekani, akanunua king'amuzi cha Ugiriki akawaonyesha wateja wake mechi za England. Akashtakiwa, akatozwa faini ya karibu pauni 8,000. Alikata rufaa hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Oktoba 2011 mahakama hiyo ikasema kuwazuia watu kutumia kadi za nchi nyingine ndani ya Ulaya ni kinyume cha sheria ya soko lao. Mwaka uliofuata hukumu yake ilifutwa. Nikimweleza kisa hicho mwenye kibanda wetu alicheka sana. Aliniuliza huyo mama alitoa wapi wakili.

La mwisho ni Taifa Stars, timu yetu ya taifa, nalo nalisema kwa haraka kwa sababu muda wenyewe haupo. AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, inachezwa kwetu, Kenya na Uganda. Mnakumbuka AFCON ya Ivory Coast? Desemba 2023 SuperSport walitangaza hawatakuwa nayo, kwa kuwa haki zilikuwa kwa New World TV ya Togo, na makubaliano yakapatikana siku chache tu kabla ya mashindano kuanza Januari 2024. Stars walikuwa kwenye mashindano hayo. Kwa mwenye DStv, bao la Simon Msuva dhidi ya Zambia lilikuwa karibu kumfikia kwa hadithi. Waingereza wana orodha ya kisheria ya mashindano ambayo lazima yapatikane kwenye televisheni ya bure, na Afrika Kusini nao wana kanuni zao. Sisi tunajenga na kukarabati viwanja kwa kodi ya wananchi, halafu tunasubiri kuona kampuni gani ya nje itatuuzia picha za uwanja wetu wenyewe. Mechi zote za Stars, mechi ya ufunguzi, nusu fainali na fainali ziwekwe kwenye orodha hiyo kwa kanuni iliyotangazwa, zionekane bure kwenye televisheni ya taifa, na kila atakayekuja kununua haki ajue hivyo kabla hajaandika bei yake. Mkilitangaza baada ya yeye kununua, atadai fidia, na atakuwa sahihi.

Kwa hiyo nasubiri mambo haya: mkataba wa 2021 uwekwe kwenye tovuti ya TFF, Tume ya Ushindani ifungue uchunguzi wa soko la haki za mpira kwenye televisheni ya kulipia na iite maoni ya wananchi, TCRA watoe rasimu ya kanuni za vibanda na ya orodha ya mechi za bure, na Bodi ya Ligi iseme ni lini itaanza kuandaa zabuni ijayo, ikiwa wazi, kwa miaka isiyozidi minne. Tume wakianza, wengine watafuata wenyewe. Fomu ya malalamiko nimeshaijaza, nitaileta ofisini Jumatatu.

Wenu,
Shabiki, mlipaji wa vifurushi viwili
Igoma, Mwanza